Dodoso, Mara ya Pili

Maswali yalitoka nchi ya mvua na baiskeli,
ishirini na manne, yamenyooka kama foleni ya benki.
Mimi na Tevfik tukayavisha Kituruki.
Handan, aliyekulia huko, akayavua tena
kuona kama chini ya nguo mwili ni uleule.

Haukuwa.
Swali la kumi na saba lilikuja likiuliza:
Je, huwa unapima viungo kabla ya kupika?
Likarudi likiuliza:
Je, huliamini jicho lako?

Maana hapa Niğde kipimo ni jicho.
Chumvi, jicho. Unga, jicho.
Maji ya bulguri, jicho, na kidole kikitilia shaka.

Wataalamu saba walikaa Ankara siku nzima,
chai juu ya chai,
wakagombana kwa ajili ya neno moja, vitafunio,
mpaka bakuli la sukari likabaki na chungu mmoja anayetembea.
"Mbegu za alizeti si chakula," alisema mmoja,
"ni maongezi."
Tukaandika hoja yake. Tukapiga kura. Tukalala.

Ndipo nikapanda ngazi za Şehriban Hanım,
ghorofa ya nne, Januari, lifti imekufa,
mshiriki namba arobaini na moja.
Kamwe, nadra, mara chache, mara nyingi, daima:
nikamwekea visanduku vitano mezani
kama mchuuzi anayepanga bidhaa.

Je, husoma maandishi kwenye vifungashio?
Akanionyesha mtungi wa pilipili ya kusaga.
"Huu niliujaza mwenyewe Septemba.
Nisome nini, jina langu?"

Je, huwa unapanga leo utakachopika kesho?
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama anapumua.
"Rasim hapendi kuulizwa atakula nini.
Anapenda kukuta."
Daima, nikaweka alama.

Na mkate uliobaki?
Kipande kilikuwa kimeanguka chini ya kiti.
Aliinama, magoti yakilia,
akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso,
akakiweka dirishani kwa ajili ya ndege.
Nilitafuta kisanduku cha busu.
Nikaandika tano.

Kanuni yasema: wiki mbili zikipita, rudi.
Uliza yaleyale, kwa mpangilio uleule.
Majibu yakifanana, dodoso lina uthabiti.
Kanuni haisemi lolote
kuhusu jozi ya viatu vya kiume nje ya mlango,
ncha zikielekea ngazi.

Nilitaka kugeuka. Mlango ukafunguka.
"Uliza," alisema, "umepanda ngazi zote hizo."
Jikoni kulikuwa na sufuria saba,
hata moja si yake.
Majirani ndio waliowasha moto wiki ile.

Je, huwa unapanga leo utakachopika kesho?
"Kamwe."
Je, huwa unakula mezani pamoja na wengine?
Alivuta uzi kwenye kitambaa cha meza,
akauvuta mpaka ukakatika.
"Nadra, andika."
Je, unajua kiasi cha chakula kinachotosha?
"Jicho langu," akasema, "bado linapima watu wawili."

Usiku kompyuta ilitutemea sifuri nukta nane mbili.
Inatosha, alisema Tevfik, ila ingependeza zaidi
bila namba arobaini na moja.
Huenda ulikosea kuandika?
Nikasema sikukosea.
Huenda hakuelewa maswali?
Nikasema aliyaelewa kuliko sisi tuliyoyatafsiri.
Akanyamaza, akahifadhi faili.
Namba arobaini na moja imebaki.
Swali la kumi na saba ndilo tulilolifuta:
halikushikamana na wenzake.

Sikumwambia Tevfik kwamba kabla sijaondoka
Şehriban Hanım alifunua sufuria ya jirani wa chini,
supu ya mtindi na mnanaa,
akapakua bila kikombe wala mizani
mabakuli matatu.
Langu nikalimaliza.
Lake alilikoroga tu.
La tatu likaganda utando juu,
sote wawili tukilitazama,
na kalamu yangu chini ya meza
ikijifungua na kujifunga.